Pasipoti haijibu swali lote: maigizo ya jamii na utambulisho wa walioondoka

Kila tunapogusa suala la diaspora katika kipindi chetu cha asubuhi, simu na jumbe huelekea upande mmoja: pesa. Nani ametuma, ametuma kiasi gani, nyumba ya kijijini imefika kwenye linta au imeshaezekwa. Si ajabu. Mwaka 2024 Wakenya wanaoishi nje walituma nyumbani takriban dola bilioni 4.9 za Marekani, na tangu Katiba ya 2010 wanaruhusiwa kushika uraia wa nchi mbili. Serikali ina hesabu yake, nasi watangazaji tuna mazoea ya kuisoma hesabu hiyo hewani.

Lakini lipo swali jingine. Mtu aliyeondoka, au aliyezaliwa na walioondoka, anajiita nani? Na nani ana haki ya kulijibu swali hilo kwa niaba yake?

Wanafunzi wa uzamili na uzamivu wanaolichunguza swali hili katika vyuo vya Uingereza, Marekani na Kanada wamekuwa wakitumia njia ambayo wengi wetu hatuihusishi na utafiti: maigizo ya jamii. Badala ya kugawa fomu za maswali, mtafiti huketi na wazee, akina mama na vijana wa jamii moja, wakasimuliana, kisha simulizi hizo zikapandishwa jukwaani na watu wa jamii hiyo hiyo. Katika makala haya tunaeleza njia hiyo inavyofanya kazi, inaweza kukosea wapi, na kwa nini inatuhusu sisi tuliobaki huku. Ili tusizungumze hewani bila mfano, tumechagua mmoja ulioanzia katika miji yetu wenyewe.

Kijana aliyepanda ndege Nairobi

Jatinder Verma alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1954, katika familia yenye asili ya India, akakulia Nairobi. Februari 1968, akiwa bado kijana wa shule, yeye na familia yake waliwasili Uingereza. Hawakuwa peke yao. Wiki hizo ndege zilizotoka Nairobi kwenda London zilijaa familia kama yao, kila moja ikikimbizana na tarehe.

Ili kuielewa haraka hiyo, turudi nyuma kidogo. Kenya ilipopata uhuru Desemba 1963, wakaazi wenye asili ya Asia ambao hawakuwa raia moja kwa moja walipewa miaka miwili kuomba uraia. Baadhi waliomba. Wengi walisita, wakabaki na pasipoti za Uingereza walizokuwa nazo kama raia wa koloni. Mwaka 1967 Kenya ilipitisha sheria ya uhamiaji iliyomtaka asiye raia awe na kibali cha kazi, na sheria ya leseni za biashara iliyombana asiye raia katika maeneo na bidhaa fulani. Mwenye duka aliyelala mfanyabiashara akaamka mgeni.

Pasipoti ilikuwepo, kwa hiyo njia ya Uingereza ilionekana wazi. Hapo ndipo bunge la London lilipopitisha, kwa muda wa siku tatu tu, sheria mpya iliyoanza kutumika tarehe 1 Machi 1968. Kuanzia siku hiyo mwenye pasipoti ya Uingereza hakuweza kuingia kwa haki kama hakuwa na mzazi au babu aliyezaliwa au kupewa uraia kule. Wengine walitengewa vocha 1,500 kwa mwaka, zikihesabiwa kwa wakuu wa familia. Mwaka 1973 Tume ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilifikia uamuzi kwamba sheria ile iliwabagua watu kwa rangi, na kwamba kuwatendea hivyo kulikuwa kuwadhalilisha.

Familia ya Verma ilipita mlangoni siku chache kabla haujafungwa. Miaka minne baadaye, Agosti 1972, Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 kuondoka, na zaidi ya watu 27,000 wakaishia Uingereza.

Kifo cha Southall na jukwaa la 1977

Kufika si kupokelewa. Aprili 1968 mwanasiasa Enoch Powell alitoa hotuba yake mjini Birmingham akiwatahadharisha Waingereza juu ya wahamiaji, na maneno yale yakawa mafuta kwenye moto. Juni 1976, huko Southall, magharibi mwa London, kijana wa Kisikh wa miaka 18, Gurdip Singh Chaggar, alichomwa kisu na kuuawa na genge la vijana wazungu. Vijana wa Kiasia waliingia barabarani, na mwaka huo hukumbukwa kama mwanzo wa vuguvugu lao.

Verma wakati huo alikuwa kijana msomi. Alikuwa amesoma historia katika Chuo Kikuu cha York, kisha akachukua uzamili wa masuala ya Asia Kusini katika Chuo Kikuu cha Sussex. Hasira za baada ya kifo cha Chaggar zilimpeleka jukwaani. Mwaka 1977 yeye na marafiki zake walianzisha kundi la maigizo ya jamii waliloliita Tara Arts. Mchezo wao wa kwanza ulikuwa wa Rabindranath Tagore, tamthilia ya mwaka 1890 inayopinga kumwaga damu kwa jina la ibada.

Uamuzi huo wa kwanza una jambo la kutufunza. Walikuwa na hasira ya mwezi uleule, na wangeweza kuandika mchezo wa maandamano. Wakachukua kitabu cha Kibengali cha karne ya 19 wakauliza: damu hii ya nini? Waliwaambia watazamaji wazungu kwamba watu waliokuwa wakitukanwa barabarani walikuwa na fasihi yao. Na waliwaambia vijana wenzao, ambao wengi India walikuwa wameisikia tu kwa wazazi, kwamba kuna hazina ambayo hawakuwa wameifungua.

Kundi lile la mtaani lilikua. Mwaka 1990 Verma alikuwa mwongozaji wa kwanza mwenye asili ya Asia kuongoza mchezo katika National Theatre ya London, akiwa na Tartuffe ya Molière iliyovishwa nguo za Kihindi. Mtindo wa wasanii wake, Kiingereza kinachobeba lahaja, nyimbo na miondoko ya Asia, aliupa jina la Binglish. Mwaka 2002 Tara Arts ilitoa mchezo wa sehemu tatu, Journey to the West, uliofuata safari ya watu wake kutoka India hadi kwenye reli ya Kenya, kutoka Kenya hadi Uingereza, na maisha ya watoto waliozaliwa huko. Malighafi yake ilikuwa simulizi za Waasia wa Afrika Mashariki wenyewe.

Tazama urefu wa muda huo: toka 1977 hadi 2002 ni miaka 25. Safari ya Nairobi haikuwa ya kwanza kuigizwa. Ilibidi jamii ikae, itulie, ndipo iweze kulitazama jeraha lake yenyewe jukwaani.

Mwaka uleule, Limuru

Msikilizaji anaweza kuuliza: maigizo ya jamii si yalianza kwetu? Ndiyo, na tarehe zinashangaza. Mwaka uleule wa 1977, kilomita chache kutoka Nairobi alikokulia Verma, wakulima na vibarua wa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, walikuwa wakijenga kwa mikono yao jukwaa la wazi. Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii waliandika rasimu ya Ngaahika Ndeenda kwa Kikuyu. Wanakijiji waliisoma, wakairekebisha, wakasahihisha lugha ya wazee na kuongeza nyimbo walizozijua. Mchezo ulianza Oktoba. Katikati ya Novemba serikali iliufutia kibali, na mwisho wa Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o akatiwa kizuizini bila kufunguliwa mashtaka. Mwaka 1982 jukwaa lile lilibomolewa.

Kilichofuata kinaunganisha hadithi hizi mbili. Ngũgĩ wa Mirii alikimbilia Zimbabwe, akaendeleza kazi ya maigizo ya jamii huko hadi alipofariki mwaka 2008. Ngũgĩ wa Thiong'o alibaki ughaibuni, Uingereza kisha Marekani, na huko Marekani ndiko alikofia Mei 2025. Kwa hiyo mwaka mmoja ulizaa majukwaa mawili: moja liliundwa na watu waliokuwa wameshaondoka, jingine likawafanya waundaji wake waondoke.

Tanzania nako wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwemo Penina Mlama na Amandina Lihamba, walikwenda vijijini miaka ya 1980, Malya katika mkoa wa Mwanza ikiwa mojawapo ya sehemu hizo, wakafanya kazi na wanakijiji kuigiza matatizo ambayo wanakijiji wenyewe waliyataja. Mwanafunzi wa London au Toronto anayeitumia njia hii leo anafuata njia iliyokwisha kulimwa, na sehemu ya jembe lililoilima ni letu.

Inavyofanyika

Katika sura yake ya kawaida kazi huenda kwa hatua nne. Kwanza ni kusikiliza. Mtafiti hukutana na watu walipo: msikitini, gurudwara, kanisani, saluni, kwenye mazoezi ya harusi. Hurekodi kwa idhini. Pili ni kuchagua. Simulizi kumi za safari ya ndege hufanana, lakini mmoja atakumbuka alichoacha mezani, na hicho ndicho kitajenga onyesho. Tatu ni mazoezi, na wanaoigiza ni wanajamii. Mjukuu hucheza nafasi ya bibi yake, na bibi ameketi pale akimsahihisha. Nne ni onyesho na mjadala baada yake, pale watazamaji wanaposema, "Haikuwa hivyo."

Hatua hiyo ya nne ndiyo inayoyatofautisha maigizo haya na mchezo wa kulipia tiketi. Augusto Boal wa Brazil, ambaye naye alilazimika kuishi uhamishoni miaka ya 1970, aliipeleka mbele zaidi: mtazamaji asiyekubaliana na alichoona huitwa jukwaani aonyeshe yeye angefanya nini.

Kwa suala la utambulisho hili lina uzito. Fomu ya sensa inakutaka uweke alama kwenye kisanduku kimoja. Afisa wa uhamiaji anataka jibu moja. Jukwaani mtu mmoja anaweza kusema kwa Kigujarati kwamba kwao ni India, akaagiza chai kwa Kiswahili, kisha akamkaripia mwanawe kwa Kiingereza, na watazamaji wakacheka kwa sababu wote watatu ni yeye. Waasia wengi walioondoka Afrika Mashariki walikuwa hawajapata kuiona India kwa macho. "Nyumbani" waliyoilia Leicester ilikuwa Ngara, Kisumu, Jinja, Kampala, na hapa Mombasa.

Nani hayupo chumbani?

Hapa ndipo tunapotaka kusimama kidogo.

Simulizi zinazokusanywa kwa walioondoka hubeba kile walioondoka wanachokikumbuka. Duka lililofungwa lina mwenye duka, lakini lilikuwa pia na kibarua aliyebeba magunia, mpishi, na yaya aliyewalea watoto ambao leo ni wazee wa London. Kwao 1968 na 1972 zilikuwa nini? Kuna waliopoteza kazi kwa siku moja. Kuna waliofurahi. Kuna waliofurahi na kulia siku hiyo hiyo. Sauti zao hazipatikani Southall wala Leicester; zipo huku, na wengi wao tumeshawazika.

Si suala la kuwashtaki walioondoka. Ukoloni ulipanga watu kwa ngazi: Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini, na kila mmoja na shule yake na mtaa wake. Wahenga wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini Waasia walizuiwa kumiliki mashamba katika nyanda za juu zilizotengewa Wazungu. Mgeni yule alinyimwa jembe kwa sheria, akaachiwa mizani ya dukani, kisha akachukiwa kwa sababu ya mizani. Ndani ya ngazi hiyo hiyo walikuwepo waliokataa kukaa walipopangwa. Makhan Singh, mwana wa vyama vya wafanyakazi, alidai uhuru kamili hadharani mwaka 1950 na kuwekwa kizuizini kwa zaidi ya miaka 10. Pio Gama Pinto, mwenye asili ya Goa, aliuawa kwa risasi Nairobi Februari 1965.

Na walikuwepo waliopunja, waliodharau, waliomwita mtu mzima "boi". Igizo la jamii lenye thamani hubeba yote mawili. Likisema tu "tulionewa" litapigiwa makofi na jamii yake na halitakuwa limeifunza kitu. Likisema tu "tulikosea" litaifanya jamii ifunge mlango. Kazi ngumu ya mtafiti ni kuufikisha mjadala mahali ambapo mzee anaweza kusimulia alivyofukuzwa, na dakika kumi baadaye akakumbuka kwamba hakuwahi kulijua jina kamili la yaya wake.

Mitego kwa mwanafunzi

Msomi anayeingia kwenye jamii, hata yake mwenyewe, ana mitego mitatu ya kukwepa.

Wa kwanza ni kuchukua na kuondoka. Shahada ni ya mtu mmoja, simulizi ni za wengi. Kama watu wamefungua masanduku ya picha na vidonda, kisha wasione tena sura ya mtafiti baada ya kazi yake kusahihishwa, basi wameombwa mali bila malipo. Suluhisho si fedha tu. Ni kuwaachia rekodi, kuwaachia mchezo, na kuwapa haki ya kusema "hii usiiweke".

Wa pili ni walinzi wa heshima ya jamii. Kila jamii ina wazee wanaotaka historia safi: tulifika na sanduku moja, tukafanya kazi kwa bidii, tukafanikiwa. Historia hiyo ni ya kweli kwa kiasi chake, lakini humfunika mama aliyeshona viwandani usiku, kijana aliyefeli, na ndoa zilizovunjika kwa baridi na upweke. Bila kuwavunjia wazee adabu, mtafiti anapaswa kuwatafuta wasioalikwa kuzungumza kwenye sherehe.

Wa tatu ni lugha. Mchezo ukiandikwa kwa Kiingereza pekee, bibi anakuwa mgeni katika hadithi yake. Ukiandikwa kwa lugha ya bibi pekee, mjukuu hataelewa. Ndiyo maana mchanganyiko wa aina ya Binglish haukuwa pambo. Ulikuwa njia ya kuwaketisha vizazi vitatu chumba kimoja.

Kwa nini ituhusu sisi?

Sisi tuliozaliwa mwishoni mwa miaka ya 1980 na baadaye tulikuta maduka yameshabadilisha wenyewe. Tunapita Biashara Street kununua leso, jina la nambari tunalisoma kwa Kiswahili, bila kujiuliza ni mikono ya watu gani ilijenga biashara ile. Tunasema duka, gari, laki, bima, chapati, maneno yote yaliyokuja na watu hao, kisha tunabishana kama wao ni wenzetu. Julai 2017 serikali ya Kenya iliwatambua Waasia kuwa kabila la 44 la nchi. Ilichukua zaidi ya nusu karne baada ya uhuru, na ilifanyika kwa tangazo. Mazungumzo yenyewe, ya kuketi na kuulizana nani alimfanyia nani nini, bado hayajafanyika kwa upana unaostahili.

Na kuna sababu ya pili. Wakenya, Watanzania, Waganda na Wakongomani walio nje leo wako pale familia ya Verma ilipokuwa 1968. Watoto wao wanazaliwa Minneapolis, Birmingham na Doha. Sheria za uhamiaji za nchi walizokwenda zinabadilika, mara nyingine ghafla, na yule aliyelala mkaazi anaweza kuamka mgeni. Baada ya miaka 20 watoto hao watauliza wao ni nani. Tukiwa tumewatunzia stakabadhi za pesa zilizotumwa peke yake, jibu letu litakuwa jepesi mno.

Mfano wa Tara Arts unatuonyesha kwamba jibu halikai tayari mahali fulani likisubiri kuchukuliwa. Watu hulitengeneza pamoja, kwa kusimulia na kusahihishana mbele ya macho ya wenzao. Kamĩrĩĩthũ inatuonyesha kwamba kazi hiyo ina gharama, kwa sababu watu waliokwisha kujisimulia wenyewe hawakubali tena kusimuliwa na wengine ovyo.

Kwa mwanafunzi wa uzamili aliyeko ughaibuni anayesoma makala haya akiwa na kinasa sauti mfukoni, ombi letu ni moja. Ukimaliza kuwarekodi walioondoka, piga simu na huku. Muulize mjomba wa mpishi, binti wa yaya, jirani aliyenunua lile duka. Nusu ya igizo lako iko kwao.

Na kwako msikilizaji wetu: kama nyumbani kwenu kuna mzee anayekumbuka siku duka la jirani lilipofungwa, mwaka 1968, 1972 au wakati mwingine wowote, keti naye wiki hii. Usimkatize. Muulize majina ya waliokuwemo, na uyaandike.